Safari ya Ramani ya Nyumba: Kutoka Mchoro wa Mkono hadi Msingi

Wapo wakazi wanaoomba kibali cha ujenzi kwa ramani iliyonakiliwa kutoka kwa jirani. Nyumba ya jirani yaweza kuwa nzuri, lakini kiwanja chake si chako.

Mbunifu majengo huanzia kiwanjani. Hutazama mteremko, njia ya maji ya mvua, upepo na mapito ya jua. Kwa kuwa jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi, madirisha makubwa huelekezwa kaskazini na kusini. Huuliza pia maswali yanayofanana na udadisi: mnalala wangapi, mnapikia kuni au gesi, je, bibi anaweza kupanda ngazi?

Majibu hayo huzaa mchoro wa mkono. Hapa ndipo mwenye nyumba anapaswa kusema bila haya. Kuhamisha mlango kwa kifutio ni kazi ya dakika moja. Kuuhamisha baada ya zege la lenta kumwagwa ni kubomoa.

Mkikubaliana, huandaliwa michoro ya vipimo, mathalani 1:100, ambapo sentimita 1 huwakilisha mita 1. Mhandisi hukokotoa msingi kulingana na udongo, kwani mfinyanzi mweusi huvimba masika na kunywea kiangazi, hata kuta zikapasuka. Mkadiriaji majenzi huhesabu gharama. Ndipo maombi huletwa Halmashauri, na fundi asichimbe kabla kibali hakijatoka.

Nakala ya michoro iliyoidhinishwa ibaki kwenye eneo la ujenzi, ili fundi na mkaguzi wasome karatasi moja.