Usimulizi wa Uvuvi katika Hadithi Fupi: Kutoka Mto Gura hadi Kyuso

Makala haya yanakusudia kuonyesha namna hadithi fupi kuhusu uvuvi wa nzi bandia inavyoweza kuandikwa kwa Kiswahili ikamvutia hata msomaji ambaye hajapata kushika ndoana. Mtunzi tunayemlenga ni mwanafunzi anayetoka Kyuso, katika Kaunti ya Kitui. Huenda uteuzi huu ukashangaza. Kyuso ni nchi kame. Mito yake hutiririka kwa muda mfupi baada ya mvua, kisha hubaki mchanga ambamo watu huchimba wakitafuta maji. Hata hivyo, kaskazini, ukiipita Tseikuru, unapita Mto Tana, na Tana hupokea maji ya Mto Gura unaotoka milima ya Nyandarua. Katika Gura ndimo samaki wa uvuvi huu walimotiwa nchini Kenya. Kwa hiyo mtunzi wa Kyuso si mgeni wa jambo hili. Yuko upande wa chini wa mto ule ule.

Kwanza inampasa mtunzi aujue uvuvi wenyewe. Katika uvuvi wa kawaida wa mshipi, uzito wa chubwi na chambo ndio unaoupeleka mshipi mbali. Katika uvuvi wa nzi bandia mambo ni kinyume. Chambo ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana ndogo zifanane na mdudu, nacho ni chepesi mno kurushika peke yake. Kinachorushwa ni mshipi. Mvuvi huutupa nyuma kwa ufito mrefu, akangoja unyooke hewani, ndipo autupe mbele. Akiharakisha, mshipi huporomoka. Pakiwa na kichaka nyuma yake, ndoana hunasa. Samaki naye, trauti, hukaa ameelekeza kichwa mto unakotokea, akisubiri kinacholetwa na maji. Ndiyo sababu mvuvi humnyemelea kutoka chini, nyuma ya mkia.

Maelezo hayo si mapambo ya mandhari, bali ni msuko. Kila hatua ina jambo linaloweza kuharibika, na taharuki huzaliwa hapo, wala si katika ukubwa wa samaki. Watunzi wanaoanza huandika hivi: "Mutua alirusha mshipi. Ghafla samaki mkubwa akanasa. Mutua alifurahi sana." Neno "ghafla" limepewa kazi iliyompasa mtunzi. Linganisha na hili:

"Duara lilitokea juu ya maji, kando ya jiwe, likafutika. Mutua hakurusha. Alihesabu. Duara la pili lilipotokea pale pale, aliinua ufito, kisha akaikumbuka mianzi iliyokuwa nyuma yake."

Samaki bado hajaonekana, lakini msomaji amekwisha kujua mhusika anataka nini na kinachomzuia ni nini. Katika riwaya ya Hemingway, *The Old Man and the Sea* (1952), mzee amekaa siku 84 bila kupata samaki kabla ya safari inayosimuliwa. Ukosefu ndio unaomshika msomaji, na ukosefu ni somo ambalo Kyuso haihitaji kufundishwa.

Kuhusu msamiati, tusiwe na hofu. Waswahili wa pwani wametuachia mshipi, ndoana, chambo, chubwi, dema na jarife. Hatari iko kwingine: mtunzi aliyetoka kusoma orodha hutaka kuyatumia yote, na hadithi ikageuka kamusi. Neno la ufundi na liingie pale tu kifaa kinapofanya kazi katika tukio.

Suala zito zaidi ni la msimulizi. Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, yakatiwa katika Gura. Wakati huo reli ya kuelekea Nyeri ilikuwa haijajengwa. Mayai hayo, yasiyostahimili joto, yalimalizia safari mikononi mwa wachukuzi. Grogan tunamjua kwa jina. Wachukuzi je? Baadaye serikali ya kikoloni iliuweka uvuvi wa trauti chini ya leseni, ikawa mto unaopita karibu na shamba la mtu una samaki asioruhusiwa kumvua apendavyo. Ukiisimulia habari hii kwa jicho la mwenye ufito, utapata hadithi ya burudani. Ukiisimulia kwa jicho la aliyebeba chombo cha mayai, akiambiwa asikitikise wala asikiweke juani, bila kuelezwa kilichomo, utapata hadithi nyingine kabisa. Sisi tunaipendelea ya pili, na hatuoni haya kusema hivyo.

Trauti hawezi kuufuata mto hadi chini. Huhitaji maji baridi. Gura huingia Sagana, Sagana huwa Tana, na Tana hupitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Ufikapo kaskazini ya Kyuso, mto umepata joto na rangi ya udongo. Humo mna kambare na mamba.

Sasa tumchukue kijana wa Kyuso aliyepanda mlimani kutafuta kazi, akaajiriwa kuwabebea wavuvi mizigo. Hajui trauti. Lakini amekua akiutazama mchanga mkavu na kutambua, kwa mimea na kwa mkunjo wa kingo, mahali maji yalipo karibu. Mgeni anapouliza samaki wamelala wapi, yeye hunyosha kidole, na hakosei. Samaki hunaswa, huvutwa, hupimwa. Kisha mgeni huinama na kumrudisha majini akiwa hai, kama wafanyavyo wavuvi wengi wa nzi bandia. Kwa mgeni, hiyo ni heshima kwa mto. Kwa kijana, ambaye kwao mvua ya Novemba imekosa kunyesha na nyumbani wanangoja fedha za unga, ni kitu kisicho na jina.

Mtunzi asimchekeshe mgeni, wala asimfanye kijana ahutubie. Akiandika kwamba "kijana alihuzunika", ameiua hadithi. Na atazame mikono: mmoja unafungua vidole majini, mwingine bado umeshika kikapu kitupu.

Zoezi: Andika tukio hilo kwa maneno yasiyozidi 300, katika nafsi ya kwanza ya kijana, ukianzia pale samaki anapoguswa na maji. Usitumie neno "ghafla", usitaje njaa, na mgeni asiseme zaidi ya sentensi moja.