Mtulinga Ukivunjika: Kupona Bila Upasuaji

Bodaboda ikiteleza njiani kwenda Nyarugusu, Geita, au mchimbaji akianguka ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, mara nyingi bega ndilo hutangulia chini na mtulinga, mfupa ulio kati ya shingo na bega, ndio huvunjika. Mgonjwa akirudi kutoka hospitali mkono umetundikwa shingoni kwa kitambaa tu, bila hogo, ndugu hudhani hakutibiwa. Ametibiwa. Mitulinga mingi huunga yenyewe: ya mtoto kwa wiki 3 hadi 6, ya mtu mzima kwa wiki 6 hadi 12.

Mwaka 1987 madaktari wa Denmark walilinganisha kitambaa hicho na bendeji ya namba nane inayozunguka mabega yote mawili. Mifupa iliunga sawasawa, lakini wenye kitambaa waliridhika zaidi.

Msimkande kwa maji ya moto, wala asivutwe bega ili mfupa unyooke, hata na muunga mifupa mnayemheshimu. Chini ya mtulinga hupita mishipa mikubwa ya damu na neva za mkono.

Vidole, kiganja na kiwiko avichezeshe tangu siku za mwanzo, visikakamae. Alale ameegemea mito. Akivaa shati, aanze na mkono unaouma. Akivua, amalizie na huo.

Hatari kubwa huja maumivu yakiisha. Wiki ya 4 kijana hujiona mzima, na duarani wanamwita, ilhali mfupa bado mchanga. Kiroba cha mawe begani, jembe, mchi na ndoo ya maji vingoje ruhusa ya daktari, mara nyingi hadi miezi 3. Kwa nyumba inayokula kwa kibarua cha siku, muda huo ni mzito mno. Kaeni mapema mpange nani atalima, na mgonjwa aombe kazi ya mkono mmoja. Sigara aache, huchelewesha mfupa kuunga.

Kinundu mara nyingi hubaki pale mfupa ulipounga. Hakimaanishi kwamba tiba imeshindikana. Mwambieni mapema, maana asiyejua hukata tamaa akikiona kwenye kioo.

Arudi hospitali siku hiyohiyo akipata ganzi, mkono ukiwa wa baridi, pumzi ikibana, au mfupa ukiisukuma ngozi hadi ipauke. Miezi 3 ikipita na mfupa bado unauma na kucheza, aombe eksirei nyingine. Wachache huhitaji upasuaji, na daktari wa Shinyanga au Geita anaweza kumwandikia rufaa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza.