Usimpe Glukosi Kabla ya Kupima

Kijitabu cha elimu ya afya kwa wakaazi wa Chukwani, Buyu, Mazizini na jirani zao kuhusu dalili za mwanzo za maradhi ya kisukari

KWA NINI TUMEANDIKA

Malalamiko yanatoka pande mbili. Wananchi wanasema wanafika kituoni wakiwa wanyonge, wanapimwa malaria, wanaambiwa hamna kitu, wanarudi nyumbani na unyonge wao. Wahudumu nao wanasema wagonjwa wanaletwa muda umeshapita, wengine hawajitambui, baada ya wiki mbili tatu za soda, juisi na glukosi ya unga iliyonunuliwa duka la dawa. Kila upande una haki yake. Anayeumia ni mgonjwa.

Mazoea haya yana asili. Kwa waliokulia Unguja zamani, kila homa na kila uchovu ulikuwa malaria, na mara nyingi ilikuwa kweli. Leo si hivyo. Kwa vyandarua, kwa dawa zilizopulizwa majumbani na kwa dawa mseto, Zanzibar imeishusha malaria, na kwa miaka mingi maambukizi yamekuwa chini ya asilimia 1 ya watu. Hiyo ni kazi ambayo nchi nyingi za Afrika zinaitamani, na hatuoni haya kujisifu. Lakini mazoea hayakushuka pamoja na malaria. Mtu akilegea, wa kwanza kutajwa bado ni mbu. Malaria ipimwe, hatukatai, kwani haijaondoka kabisa. Tunachotaka ni kwamba mtu aliyelegea, anayekunywa maji mengi na kukojoa sana, apimwe na sukari siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, si baada ya dozi kwisha.

ONYO LA KWANZA

Mtu akidhoofika, majirani huja na ushauri: "Mpe glukosi apate nguvu." Unga unakorogwa kwenye bilauri, mgonjwa anakunywa, kiu inazidi, anaongezwa bilauri nyingine. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanamtafuta mtu wa kumtundikia dripu nyumbani bila kujua ndani ya chupa mna nini. Kama mgonjwa huyo ana kisukari ambacho hakijajulikana, glukosi hiyo ni sukari juu ya sukari.

USIMPE GLUKOSI MTU MWENYE KIU ISIYOKATIKA KABLA HAJAPIMWA. Wala soda, wala maji ya miwa, wala juisi ya pakiti. Mpe maji matupu, mtoke mwende kupima.

Yupo mtu mmoja tu asiyehusika na onyo hili. Ni yule anayejulikana kuwa na kisukari, anatumia insulini au vidonge, na ghafla anatetemeka, anatoka jasho jingi, anasema maneno yasiyoeleweka. Huyo sukari yake huenda imeshuka. Akiwa macho na anaweza kumeza, mpe kitu chenye sukari mara moja. Akiwa hawezi kumeza usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

KIU HII INATOKA WAPI

Sukari ya chakula huingia kwenye damu, na insulini inayotengenezwa na kongosho huiwezesha kuingia mwilini ikatumika. Insulini ikikosekana, au mwili ukiwa hauitii, sukari inabaki kwenye damu. Ikifika kiasi cha 10 kwa kipimo cha mmol/L, figo haziwezi tena kuizuia. Inafurika kama mtungi uliojaa, inatoka na mkojo, na huvuta maji ya mwili kutoka nayo. Ndipo mtu anakojoa mkojo mwingi, usiku anaamka mara tatu, mara nne, na koo linakauka. Mwili usipoweza kutumia sukari unaanza kula mafuta na nyama yake wenyewe. Mtu anakula vizuri, pengine kuliko zamani, na nguo zinampwaya.

Msimu wa kaskazi ndio unaotudanganya. Joto linabana, kila mtu ana kiu, na anayemaliza jagi zima peke yake haonekani wa ajabu. Basi msitazame maji tu, tazameni na choo. Kiu ya jua haimwamshi mtu usiku kucha kwenda kukojoa. Anayetoka jasho sana hukojoa kidogo, na mkojo wake huwa wa manjano ya kukoza. Anayekunywa sana na kukojoa sana, mkojo mwepesi kama maji, apimwe.

Wazee walikuwa wakitazama chungu. Mkojo ukikusanya wadudu chungu, walisema mtu huyu ana sukari. Hawakukosea, lakini msiwasubiri wadudu. Mpaka mkojo uwe na sukari ya kuwaita, sukari ya damu imeshapanda sana.

MTOTO ANAYERUDIA KUKOJOA KITANDANI

Hapa tunataka kila mzazi, kila bibi na kila mwalimu wa chuoni asome mara mbili.

Mtoto aliyekwishaacha kukojoa kitandani akianza upya, msimchape. Msimwanikie godoro nje ili wenzake wamcheke. Mpelekeni akapimwe sukari. Mwalimu wa skuli au wa chuo cha Qur-ani huenda akawa wa kwanza kuona: mtoto anaomba ruhusa ya kwenda chooni kila mara, njiani anasimama mferejini kunywa, na kanzu yake ya mwezi uliopita sasa inamning'inia. Mwalimu, huyo si mtoro. Mwite mzazi wake leo.

Hizi ni dalili za kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Hakikuletwa na haluwa ya sikukuu, wala si kosa la mama. Kongosho limeacha kutengeneza insulini, na mwili ukikosa insulini kabisa damu inaanza kuwa na tindikali. Mtoto anatapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa kina na kwa haraka ingawa hakukimbia, na pumzi yake inanuka tunda lililoiva mno. Kisha anasinzia. Watu wanadhani ni malaria, au kala kitu kibaya, au kapata jicho la watu. Kutoka hapo hadi kifo ni suala la saa au siku chache.

Januari 1922, huko Toronto, Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alikuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini. Kabla yake, watoto wa namna hii walikuwa wakingojea kufa. Zaidi ya miaka 100 imepita, na dawa ipo. Mtoto kufa kwa sababu hakuna aliyetoboa kidole chake ni jambo tusiloweza kulinyamazia.

WATU WAZIMA

Aina ya pili ndiyo iliyoenea zaidi, nayo haina haraka. Inaweza kukaa miaka bila kuonyesha dalili yoyote. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajijui. Kwa hiyo mtu wa barazani anayesema "mimi sina kitu, najisikia mzima" hajajibu swali aliloulizwa.

Dalili zikija, huja kwa kunyemelea: macho kuona ukungu, kisha yakarudi sawa, uchovu baada ya chakula, kidonda cha mguuni kisichofunga, ganzi au moto kwenye nyayo. Mwanamke anawashwa sehemu za siri, anatibiwa fangasi, wanarudi, anatibiwa tena. Mwanamume naye hupata hali hiyo akanyamaza kwa haya. Fangasi wanaorudi rudi ni sababu ya kupima sukari. Na anayekonda asijifungie ndani kwa kuogopa watu watasema ana ukimwi. Vipimo vyote viwili vipo, na siri yake italindwa.

Wanaokwenda pwani maji yakipwa kuokota chaza, vaeni viatu. Mguu wenye ganzi hukatwa usisikie, na kidonda huonwa siku ya tatu kimeshaharibika.

KIPIMO CHENYEWE

Watu wanakiogopa kwa bure. Unanawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri. Hili si la usafi tu: aliyemenya embe au kula haluwa na asinawe hutoa namba ya uongo, kwa sababu mashine inapima na sukari iliyoganda kidoleni. Unatobolewa pembeni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni kidogo kuliko katikati. Tone moja linagusishwa kwenye kijiti, na baada ya sekunde chache namba inatokea. Mashine ikiandika HI, haikusalimii. Maana yake sukari imepita uwezo wake wa kusoma, na hiyo ni dharura.

Kwa aliyefunga kula kwa saa 8 au zaidi, 7.0 mmol/L na kuendelea ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Kwa aliyekwishakula, 11.1 na kuendelea pamoja na dalili tulizozitaja kunatosha kusema ni kisukari. Asiye na dalili hurudiwa kipimo siku nyingine. Namba ya kidoleni huthibitishwa maabara, lakini mgonjwa mahututi hasubirishwi maabara.

Mwezi wa Ramadhani tunaulizwa kila mwaka kuhusu kipimo hiki: masheikh wengi wanaona kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, asiache kupima.

Na kuhusu tiba nyingine, tusemezane wazi. Dua ni dua, na anayetaka kunywa kombe anywe. Ila kidole kitobolewe kwanza, na aliyeandikiwa insulini asiiache hata siku moja kwa sababu kaambiwa na mtu kwamba mizizi inatosha.

WAPI NA KWA MASHARTI GANI

Anzia kituo cha afya kilicho karibu. Ukipimwa malaria ikakosekana, usiondoke dirishani, sema kwa sauti, "Naomba na sukari." Ni haki yako kuuliza, hata muhudumu akikunja uso. Anayetapika na kupumua kwa nguvu, au asiyeamka vizuri, apelekwe Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa gari yoyote, usiku huo huo.

Wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wenye kitambi, wenye presha, wenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, na akina mama waliopata sukari katika ujauzito au waliozaa mtoto wa kilo 4 au zaidi, wapime hata wakiwa hawana dalili. Walioandikishwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2023, waje na taarifa zao za uanachama; wengine waulize mapokezi wanachotakiwa kuchangia. Kitambulisho cha Mzanzibari kikisahauliwa nyumbani, kifuatwe na mtu mwengine. Mgonjwa atangulie.