Kazi ya uhusiano: Kisarawe yafundisha nini?

Wafanyabiashara wengi wakisikia "afisa uhusiano" humfikiria kijana wa tai anayepokea wageni na kuwagawia waandishi wa habari soda na bahasha. Kazi hiyo ipo, lakini haimfikishi mtu mbali. Anayetaka kupanda katika fani hii, na pia mwenye akiba anayetafuta kampuni ya kuwekea fedha zake, tunamshauri aanzie Kisarawe.

Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata hati ya miaka 99 ya hekta 8,211 wilayani humo ili kulima mbono kaburi, mmea ambao mbegu zake hutoa mafuta ya kuendeshea mitambo. Ardhi ilitoka katika vijiji 11. Wananchi walieleza baadaye kwamba katika mazungumzo waliahidiwa ajira, visima, zahanati na barabara. Ajira zilikuja kweli, kwa mamia. Lakini mwaka 2011 kampuni iliishiwa fedha, ikawekwa chini ya wafilisi, mradi ukauzwa kwa mwekezaji mwingine na wafanyakazi wengi wakaachishwa. Waliobaki wakauliza: visima viko wapi? Magazeti ya London yakaandika, na Kisarawe ikasomwa ng'ambo kama mfano wa ardhi iliyochukuliwa bila faida kwa mwenyeji.

Hasara ya mtaji ni jambo la biashara na humpata yeyote. Kilichoumiza zaidi ni maneno ya mdomo. Kijiji kilikumbuka ahadi, mkataba haukuzibeba, na mwekezaji mpya aliingia akidaiwa deni asilolijua.

Hapo ndipo penye kazi ya afisa uhusiano. Akiwa mkutanoni, aandike nani ameahidi nini, kwa fedha ipi na lini. Ayasome hayo kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, nakala moja abaki nayo mtendaji wa kijiji na nyingine iende kwa meneja. Bosi akinogewa na vigelegele akaahidi zahanati isiyokuwamo katika bajeti, afisa amfuate jioni ileile: ama fedha itafutwe, ama kijiji kielezwe mapema. Wengi hushindwa hapa, kwani bosi hapendi kusahihishwa. Afisa asiyeweza kuingia ofisi ya meneja bila kupangiwa siku, huyo ni mpiga chapa wa matangazo tu, hata mshahara wake ukiwa mnono.

Kibaha ina mfano wa namna nyingine. Mradi wa nchi za Nordic ulianza pale mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Shule, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima vilionekana kwa macho. Tumbi sasa ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Ulikuwa msaada, haukutafuta faida, kwa hiyo tusiulinganishe moja kwa moja na kampuni. Lakini siku ya kukabidhi, kila upande ulijua unapokea nini.

Leo Kibaha ina viwanda vingi, na bandari kavu iko Kwala. Kila kiwanda kina jirani anayelalamikia vumbi, malori au vibarua kutolipwa kwa wakati. Kijana anayetafuta nafasi asikimbilie Posta, Dar es Salaam, peke yake. Shahada za fani hii hutolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na SAUT, Mwanza. Lakini kusikiliza malalamiko getini saa kumi na mbili asubuhi hujifunzwa getini.

Kwa mwenye hisa: katika mkutano mkuu, mwombe afisa uhusiano orodha ya ahadi za mwaka uliopita, kwa wanahisa na kwa majirani wa kiwanda, na zipi hazijatimizwa. Mwombe kwa maandishi, wiki mbili kabla, ili asipate kisingizio cha kusema faili limebaki ofisini.