Kesi yenye harufu ya siasa

SWALI: Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani na mtoto wa Maniema, alihukumiwa Kinshasa. Watu husema ni siasa. Mtu wa kawaida wa Kabambare atajuaje kesi yake ni ya haki?
Msomaji, Kasongo

JIBU: Ndugu, siasa ikiwemo haimaanishi kwamba mshtakiwa hana kosa. Pesa za mradi wa kilimo wa Bukanga Lonzo, alizoshtakiwa kwazo, zilistahili kuulizwa. Angalia namna kesi ilivyoendeshwa. Novemba 2021 Korti ya Katiba ilisema haina uwezo wa kumhukumu waziri mkuu wa zamani. Mwaka uliofuata ikasema inao. Tarehe 20 Mei 2025 ikampa miaka 10 ya kazi ngumu, naye wakati huo alikuwa mbunge aliyedai kinga. Kwangu mimi zito zaidi ni hili: hukumu ya korti hiyo haikatiwi rufaa, ilhali mkataba wa kimataifa ambao Kongo iliukubali mwaka 1976 unampa kila aliyehukumiwa haki ya kusikilizwa na korti ya juu.

Kwa mtu wa kijijini, shika kifungu cha 18 cha Katiba. Aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana na jamaa au avoka wake. Polisi wasimshike kupita saa 48. Baada ya hapo aachiliwe au apelekwe parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Andikeni saa aliyokamatwa. Na PV (maandishi ya mahojiano) ya Kifaransa isiyosomwa kwa Kiswahili, asitie sahihi, hata akiambiwa ni karatasi ya kutokea tu.