Somo: Mchango wa Bunduki

Tusome Luka 3:14. Yohana aliwakataza askari kunyang'anya watu mali kwa vitisho.

Jambo hilo twalijua. Katika vita vilivyoanza 1993, waasi wa FNL kwenye milima inayozunguka Bujumbura walitoza watu pesa na chakula, wakaviita umusanzu, yaani mchango. Hata baada ya mapatano ya Septemba 2006 wapiganaji wengine waliendelea kutoza; FNL waliweka silaha chini 2009.

Mwenye duka aliyetoa kwa kuogopa kuuawa, tusimhukumu kanisani. Aliyepokea na atubu, arudishe kama Zakayo (Luka 19:8).

Nasi viongozi tukumbuke: sadaka ya kulazimishwa si sadaka (2 Wakorintho 9:7). Tusiwatishe tena waliokwisha kutishwa.