Binti yangu asema tumempangia mume kama kwenye vitabu vyake

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, mama wa watoto watatu. Kifunguamimba wangu ana miaka 19, kamaliza kidato cha sita, yuko nyumbani anasubiri matokeo. Kutwa anasoma riwaya za Kiingereza alizoachiwa na binamu yake: The Hunger Games, Divergent, Delirium, Matched. Zote ni za nchi za kubuni zenye serikali katili, na katikati yupo msichana na mapenzi yake.

Nilianza kuvisoma usiku akiwa amelala, nia yangu kumpeleleza. Nakiri viliniteka. Lakini vilinikera pia. Nchi inaungua, watoto wanauana, na msichana mwenyewe anawaza amchague yupi kati ya vijana wawili! Na si kitabu kimoja tu. Na wazazi wa humo ama wamekufa, ama hawana msaada. Cha tatu cha Divergent sijakigusa. Yeye kilimliza siku mbili.

Mwezi uliopita ndugu wa mume wangu walileta posa ya kijana wao, mhasibu, mtu wa heshima zake. Sisi tuliridhika. Binti yangu akasema mbele ya baba yake mdogo kwamba tumempangia mume kama ile serikali ya Matched inavyowapangia watu. Baba yake amekasirika, anataka vitabu vitoke nyumbani. Mimi mwenyewe niliolewa kwa kupangiwa na sijajuta. Je, niviondoe? Na shemeji yangu anarudi baada ya Idi, tumjibu nini?

Mama Msoma Usiku, Tanga

Marahaba, mwanangu. Vitabu usiviondoe. Wazazi wengi huniandikia kulalamikia vitabu ambavyo hawajavifungua, lakini wewe umevisoma. Kwa hiyo nakujibu kwanza kama msomaji mwenzangu, ya posa yatafuata.

Hilo la vijana wawili umelishika barabara, nami lilinichosha vilevile. Suzanne Collins alipotoa The Hunger Games mwaka 2008 kilipendwa mno, na wengi waliomfuata wakaingia na mizani ileile: mpole huku, mkali kule, msichana katikati. Lakini hebu rudi kwenye hicho cha kwanza. Katniss, msichana wa humo, haingii kwenye uwanja wa mauaji kwa ajili ya kijana yeyote. Anaingia kwa ajili ya mdogo wake, Prim, mtoto wa miaka 12 ambaye jina lake lilitoka kwenye kura. Na yale mapenzi yake na Peeta, kijana anayeingia naye uwanjani, sehemu kubwa ni ya kuigiza. Kamera zinawatazama, matajiri wa mji mkuu wanampelekea chakula na dawa yule anayewafurahisha, na busu moja linaleta bakuli la mchuzi. Msichana wa miaka 16 anafika mahali hajui tena lipi analihisi moyoni na lipi anawaonyesha watazamaji. Sehemu hiyo niliisoma mara mbili. Binti zetu wanaishi wakitazamwa, kila picha inahesabiwa imependwa na wangapi, nao wanaijua hofu ya Katniss kuliko mimi na wewe.

Sasa hilo la wazazi. Hapo sikubaliani nawe, isipokuwa kwa mmoja: mama yake Katniss, ambaye mumewe alipokufa mgodini alizama katika majonzi, na watoto nusura wafe njaa. Yule kweli aliwaangusha wanawe, na kitabu hakimfichi. Lakini Tris wa Divergent, riwaya ya Veronica Roth ya mwaka 2011, anaokolewa na nani mambo yanapochafuka? Na mama yake. Yule mama mpole wa nguo za kijivu, ambaye bintiye alidhani hajui lolote ila kupika na kujitolea, anatokea na bunduki, anapigana, na anakufa ili mwanawe apite. Katika Delirium ya Lauren Oliver serikali imetangaza kwamba mapenzi ni maradhi, na kila mtu akifika miaka 18 anafanyiwa upasuaji wa kumponya, na anatafutiwa mwenza. Niliposoma nilidhani kitu kitakachokosekana ni mapenzi ya vijana. Kumbe kinachotisha zaidi ni wazazi waliopona: hata wasipopiga wala kutukana, mtoto akianguka wanamtazama kama wanavyotazama ndoo iliyomwagika. Lena, msichana wa humo, anajua kupendwa kukoje kwa sababu moja tu, mama yake tiba haikumshika. Alimkumbatia na kumwimbia kwa siri, na kumbukumbu hiyo Lena anayo kabla hajakutana na Alex, kijana atakayempenda.

Na hicho Matched kilichowagombanisha, Ally Condie amemweka babu ndani yake. Ni nchi iliyobakiza mashairi 100 tu na kuyateketeza mengine yote, nchi ambayo mtu akitimiza miaka 80 siku yake ya kufa imeshapangwa. Kabla hajaondoka, babu anamwonyesha mjukuu wake Cassia mahali palipofichwa shairi lililokatazwa. Anayemfumbua macho msichana yule wa kwanza ni mzee wa nyumbani kwao. Nawe, mwanangu, unaweza kuwa mzee huyo.

Kuna jambo moja naliogopa kweli katika riwaya hizi, nalo hukulitaja. Baadhi yake zinamfundisha msichana kwamba mwanamume anayemwumiza anamwumiza kwa kuwa anampenda mno. Katika Shatter Me ya Tahereh Mafi yuko kijana Warner, anayemfungia Juliette na kumchezea akili. Vitabu vinavyofuata vinataka tumhurumie, kisha tumpende. Kama binti yako amekisoma, muulize anamwonaje Warner. Usimpe jibu lako kwanza. Mazungumzo hayo yatamlinda kuliko kabati lenye kufuli, kwa sababu kijana wa aina hiyo hatokei kitabuni peke yake. Yupo mitaani, anashika simu ya mwenzake na kuuliza huyu aliyepiga ni nani.

Tuje kwenye posa. Umemsoma Xander wa Matched vizuri? Wasomaji wengi wanampita haraka. Yeye ndiye aliyechaguliwa na serikali kuwa mume wa Cassia, na hana kasoro. Ni mwema, mzuri wa sura, rafiki yake tangu utotoni, na Cassia anampenda. Chaguo lenyewe si baya hata kidogo. Kinachomuuma Cassia ni kwamba mambo yaliamuliwa yeye akiwa amekaa pembeni. Ndiyo maana binti yako alikitaja kitabu hicho akaviacha vingine. Hakusema mhasibu ni mtu mbaya, wala hakusema ana mwingine. Amesema mmempangia. Na wewe mwenyewe umeniandikia: "Sisi tuliridhika." Nimeisoma barua yako yote nikitafuta ni lini yeye aliulizwa, sikuona.

Kupangiwa ndoa si dhambi. Wewe ni shahidi, nami nimeona nyingi zilizojaa rehema. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, na siku ya nikahi bibi harusi huulizwa idhini yake. Isiwe ndiyo mara ya kwanza kuulizwa, nyumba imejaa watu na pilau liko jikoni.

Mkalishe, ninyi wawili tu. Mwambie kwamba umevisoma vitabu vyake, na jinsi ulivyovisoma. Atakasirika kidogo kwa kupelelezwa, ana haki, mwombe radhi. Kisha mwambie alivyosema mbele ya baba yake mdogo alimvunjia baba yake heshima, na aende akaombe radhi kwa namna alivyosema, lakini neno lenyewe asilirudishe. Halafu umhadithie ulivyoolewa wewe: nani alikuja, nani alikuuliza, ulijibu nini, na usiku ule ulilala vipi. Nadhani hajawahi kusikia. Useme kweli, hata pale ulipoogopa.

Mumeo naye umweleze kwamba vitabu havikumwaibisha. Mtoto angeulizwa chumbani, asingejibu barazani. Na kwa shemeji yako neno liwe fupi, na alitoe mumeo mwenyewe: posa tumeipokea kwa heshima, binti mwenyewe ameomba muda, matokeo yake hayajatoka, na jibu lolote litakalokuja litatoka kwake. Kijana akiwa muungwana atasubiri. Akiwa na haraka, hapo mtakuwa mmejua jambo kumhusu kabla mahari haijahesabiwa.

Nyongeza moja, kwa kuwa wewe ni mwalimu na uko Tanga. Umeziandika kama riwaya za kigeni, lakini nchi ya kubuni yenye wakubwa wasiotaka kuulizwa tunayo yetu, na aliyeiandika kazaliwa huko kwenu. Mpe binti yako Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Humo hamna busu wala vijana wawili. Yumo Karama, ameshitakiwa, naye anasimama siku baada ya siku mbele ya wenye uwezo wa kumwua na kusema. Mkisome pamoja, mchana, kitabu kikiwa wazi mezani.

Lakini kabla ya hayo yote, leo usiku soma kile cha tatu cha Divergent ambacho hujakigusa. Sitakwambia kilichomliza. Kifikishe mwisho mwenyewe, ndipo umwite.